Shuka Jeupe Kwenye Kichanja

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwaga mafuta machafu ya injini, nimetia mapya, nimefuta kioo. Ndege ya chama chetu cha marubani iko tayari. Ndogo, viti viwili, lakini ikikohoa najua inaumwa wapi.

Jumamosi marubani wanakuja Moshi na ndege zao, kutoka Arusha, Tanga, hata Nairobi. Miaka yote mimi ni fundi tu, nawajazia mafuta na kuwazibia pancha. Mwaka huu narusha. Leseni ninayo tangu Novemba. Ubaoni nimeandikwa wa pili: Felista, saa mbili na nusu asubuhi, kabla wingu halijaziba mlima.

Mama hataki kupanda. Anasema miguu yake ni ya udongoni. Ila atatandika shuka lake jeupe kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kule Kilema, nilitambue shamba letu nikiwa juu. Nipite, niinamishe bawa, basi. Mama huyu aliyeninunia miaka kumi kwa kuacha ualimu nikalale chini ya ndege! Jana kaitangazia jumuiya nzima.

Jumatano, 5 Februari

Jina langu limefutwa. Kwa kiganja, hata dasta hakutafuta. Vumbi la chaki bado lipo.

Ni Proches, mwenyekiti wetu. Ana mgeni kutoka Dar anayetaka kuuona mlima ukiwa wazi, kwa hiyo saa yangu wameichukua wao wawili. Baada yao ratiba imejaa. Nikamuuliza, na mimi? Akacheka. "Wewe si mtu wa nyumbani, Felista? Utaruka siku yoyote."

Mtu wa nyumbani! Mtu wa nyumbani hula ukoko. Mtu wa nyumbani huhamishwa kitandani akalale mkekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji huyu hakupona.

Nilimweleza habari ya shuka. Akasema pole, akapokea simu.

Mama sijamwambia. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Wameanza kuingia tangu asubuhi. Nilitaka kununa nikashindwa. Ndege ya njano ya mzee wa Tanga ilishuka ikidundadunda, tukapiga makofi, yeye akainama kama mwanakwaya. Watu wamekaa kivulini chini ya mabawa, wanachungulia injini za wenzao, wanadanganyana kuhusu upepo. Ndizi zinachomwa. Hakuna sikukuu ninayoipenda kuliko hii. Ndiyo maana inauma.

Jioni Proches kaniletea karatasi ya ukaguzi. Bila saini yangu ndege hairuki. Nimeishika kalamu muda mrefu. Breki mbovu, maneno mawili tu, na nani angebisha?

Nimesaini. Ndege haina kosa.

Jumamosi, 8 Februari

Mlima wazi mpaka kileleni. Saa mbili na nusu wamepaa. Mimi chini, na kopo la mafuta mkononi.

Saa tatu kasoro simu. Mama. Analia, anacheka, nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele. Kaniona, anasema. Nimepita juu ya kichanja, nimeinamisha bawa mara mbili. Kila mtu kaona. "Mwanangu, nimekuona!"

Nikasema ndiyo, mama. Ni mimi.

Proches kashuka anatabasamu. "Nimemsalimia mama kwa niaba yako." Kwa niaba yangu! Kafikiri kanifanyia wema. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele ya mgeni wake na nusu ya marubani. Nikarudi chumbani kwangu Majengo, nyama ya sherehe sikuionja.

Kaniibia mara mbili. Na mara ya pili nimemsaidia.

Jumapili, 9 Februari

Nimepanda Kilema mchana kukiri uongo wangu. Nimechelewa.

Juu ya meza ya mama, jani la isale limefungwa fundo. Proches kalileta baada ya misa ya kwanza. Ndiyo desturi yetu Wachagga: umekosa, peleka isale kwa mkubwa wa yule uliyemkosea, naye hawezi kukukatalia. Kafanya kila kitu sawasawa. Shikamoo mama, nimemkosea Felista, ile ndege ya jana nilirusha mimi, nisamehe.

Alidhani mama anajua! Mjinga. Mjinga mwenye adabu. Jani limepokelewa, kesi imekwisha, na mimi ambaye hasira ni yangu hakuna aliyeniuliza.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinipakulia mtori, akakaa, akanitazama nikila. Nikaweka kijiko chini. Nikasema nisamehe, mama. Akasema kula, kitapoa.

Nilipotoka kwenda chooni nikaliona shuka. Bado liko kwenye kichanja, limepigwa na umande wa usiku, kuku wamelitembelea. Nikamuuliza kwa nini hajaanua.

"Nianue vipi," akasema, "na wewe hujapita?"

Jumanne, 11 Februari

Wageni wameondoka. Uwanja kimya, majani yamelala pale zilipoegeshwa ndege zao.

Nimechukua ufunguo ukutani bila kuomba. Proches alikuwepo. Akanisaidia kusukuma mlango wa banda. Sikumshukuru. Bado.

Nimepaa saa moja na robo. Injini safi. Migomba, bati la kanisa, migomba tena, kisha kitu cheupe kidogo kama leso. Nimeinamisha bawa. Mama alikuwa peke yake uani. Hakupunga. Alisimama tu, mkono juu ya macho.

Nikazunguka nipite tena. Nilipofika, alikuwa anaanua shuka.