Kichwa cha Chini ya Magenge

Adelphi, Maryland
9 Novemba 1986

Mdogo wangu Bimkubwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza: mguu wako umeupeleka hospitali, au bado unaupaka mafuta ya karafuu na kujidanganya? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila baridi. Mwanangu Nassor na mkewe wazima, na binti yao Sabiha kanipita kimo. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, kwani kisomo cha watu wazima tulikaa darasa moja, ila wewe ulikuwa ukisinzia.

Nakuandikia kwa sababu situlii. Naketi, nainuka. Chai inapoa naisahau. Jirani yetu katuhumiwa wizi humu ndani, na jina likiharibika huku halitengenezeki. Waswahili wa huku ni wachache, na habari ikitoka Adelphi asubuhi, adhuhuri iko Woodbridge.

Jirani mwenyewe anaitwa Edah, anakaa ghorofa ya chini yetu, Mkenya wa bara, Mkristo, anauguza wazee. Usinikunjie uso. Mwaka wa pili huu ndiye anayemchukua Sabiha skuli mama yake akiwa kazini, na ufunguo wetu alikuwa nao. Jumapili hutupakia garini mpaka kwenye magenge ya Calvert, mwendo wa saa na zaidi, unapita Upper Marlboro. Ni magenge marefu ya pwani, maji yanayala kwa chini, na yakimomonyoka hutoka mifupa ya zamani iliyogeuka mawe. Sabiha na Edah huinama kutwa wakiokota meno ya papa, meusi kama mbegu za stafeli. Niliwaambia mimi papa nimemkatakata miaka thelathini pale sokoni, sikuona mtu akasafiri kuyafuata meno yake. Sabiha akanijibu kwa Kizungu, kama kawaida yake. Edah akanitafsiria, akipunguza makali, namjua.

Basi mwezi wa tisa, maji yamekupwa, Sabiha akaokota kitu cha duara, rangi ya kahawa, kikubwa kuliko ngumi mbili, kina matundu. Alipiga kelele kama kauona mwezi wa Idi. Akakiweka ndani ya beseni kule roshani, akakichora, na mwalimu wake akaupeleka mchoro kwa watu wa makumbusho Washington. Edah naye akasema yuko mzee anayemuuguza, profesa wa zamani, angefurahi kukiona. Kauli hiyo ndiyo iliyomponza.

Ijumaa moja beseni likakutwa tupu. Mama Sabiha hakuzunguka: ufunguo anao nani, na nani alikitamani? Edah akaitwa. Akasimama sebuleni na nguo zake nyeupe za kazi, akaapa kwa Mungu wake kwamba hakukigusa. Nassor akatazama chini. Sabiha akamwambia maneno ambayo sikuyajua, lakini niliona yalipomchoma. Edah akauweka ufunguo juu ya meza, akatoka. Tangu hapo Sabiha akimwona ngazini anageuza uso.

Bimkubwa, kile kitu nilikichukua mimi.

Usipige kelele, soma. Kila nikitoka kuanika kanga nilikuwa nakiona, kina paji la uso, kina mahali pa macho. Nikajua hili ni fuvu la mtoto, na kizazi hiki kimelitia ndani ya beseni la kufulia. Sisi tulifundishwa mfupa wa maiti una heshima ya aliye hai. Alhamisi, wote wametoka, nikakata dhiraa moja ya ile sanda niliyokuja nayo, nikakikafini. Nikakizika nyuma ya jengo, chini ya mti, nachimba kwa kijiko cha kupakulia wali. Nikakielekeza kibla, nikakisomea. Edah alipoapa nilinyamaza, nikisema moyoni, nikinena watamfukua mtoto wa watu.

Jumatatu yake barua ya makumbusho ikaja, Nassor akatusomea. Kichwa cha pomboo. Pomboo wa zama za kabla ya watu. Nimemkafini pomboo, Bimkubwa. Mimi, niliyekuwa nikiitwa mitaa mitatu kuosha maiti. Hapo aibu ikanifunga mdomo kuliko ile huruma ya kwanza, nikaziacha wiki tatu zipite juu ya jina la mtu.

Jana nikashindwa. Nikamwita Edah, nikawakalisha wote pale pale alipoapa, nikasema yote. Nassor alicheka, akajiziba mdomo. Mkewe akaomba radhi kwa sauti aliyoisikia mwenyewe tu. Sabiha akamtazama Edah, kisha akashuka ngazi mbio kwenda kuchimba. Edah hakucheka.

"Hiyo maneno ya pomboo inachekesha, Bibi," akaniambia. "Lakini mimi niliapa hapa, na wewe ukaniangalia tu."

Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Neno hilo hata marehemu mume wangu hakulipata kwangu. Akajibu amesikia. Kusikia si kusamehe, nami si mtoto, naijua tofauti. Akaenda zake kazini.

Leo Jumapili. Sabiha kagonga mlango wa Edah mara mbili, hakujibiwa. Mimi nimevaa tangu alfajiri kama Jumapili za magenge, viatu miguuni, na kila hatua ikipanda ngazi nainuka.

Nisalimie wanaoniuliza, na wasioniuliza waambie nimewaona. Kicheko chako ukikimaliza, na najua hakitakuwa kifupi, omba dua mwanamke yule apande ngazi.

Ni mimi dada yako,
Johari binti Mwadini