Kibukusu Changu na Safari ya Suzdal

Metrine weh, nimejifungia chooni. Nimekwisha!

Unakumbuka yule ajenti wa Nairobi alivyomdanganya huyu madam wangu Mwarabu ati nilisomea Urusi, ndio nipate kazi haraka? Na mimi nikanyamaza?

Leo madam amesema familia inaenda Moscow, halafu siku moja watashinda Suzdal, mji wa kale wenye makanisa mengi. Ati mimi ndiye nitawatembeza. MIMI, Metrine!

Hata sijapumua, akapiga simu hoteli ya huko, akanipa. "Yalla, ongea Kirusi. Uliza makanisa yanafunguliwa saa ngapi."

Watoto wote macho kwangu.

Nikaongea Kibukusu chetu cha nyumbani. Haki ya Mungu, Kibukusu! Nikaanza na salamu yetu, "mulembe", nikauliza habari za ng'ombe na mahindi. Yule Mrusi akanikatia simu.

Nikamwambia madam, "Wanafungua saa tatu."

Saa tatu! Nimeitoa wapi?

Nikangoja aniambie khalas, funga virago. Akanikumbatia! "Mashallah, unaongea kama wao kabisa."

Tiketi yangu imeshakatwa. Pasipoti anayo yeye.

Na hapo nje ya mlango watoto wanaimba "mulembe, mulembe". Ati wanajiandaa kuwasalimia Warusi.