Ng'ombe Aliyeingia Amelala

Mzee,

Bucha ingali pale pale Kondele, na wateja wako bado wananiita kijana wako. Nakuandikia kwa sababu nimeiharibu kazi uliyonifundisha, na nashindwa nianzie kwa nani.

Wewe ulikuwa unafika kichinjioni kabla ya wengine, si kuchagua mnono, ila kumwona ng'ombe akitembea. Unampiga kofi la mgongo, akishapiga hatua kumi unasema, "Huyu analiwa." Vijana wa pale walikucheka. Siku zingine hata mimi nilicheka, unisamehe.

Tangu tukuzike, Bwana Afya wa zamani, yule mkaguzi wa nyama, amehamishwa. Huyu mpya hakagui kitu. Muhuri anawaachia wachinjaji, yeye anapitia mchana kuchukua chake. Sote tunajua, na sote tumenyamaza.

Wiki mbili zilizopita nilimwona ng'ombe akivutwa kwa kamba kutoka kwa pikapu, amelala, hapepesi jicho. Nilimwona, Mzee, sitakudanganya. Nikatoka nje nikanywa chai. Niliporudi nyama ilikuwa imeshatundikwa, ina muhuri kama nyingine zote. Nikajiambia, kwani mimi ni daktari? Nikainunua.

Na vile mimi humpelekea Mama nyama kila Jumamosi tangu utuache, nilimkatia yeye kwanza, mahali palaini, kama ulivyokuwa ukimkatia. Nikaipeleka mwenyewe hadi kwake Bondo.

Alilazwa siku nne. Huku Kondele pia watu waliharisha, na mtoto wa fundi wa viatu nusura tumzike. Sasa polisi wanauliza. Bwana Afya ameniletea karatasi nitie sahihi kwamba ng'ombe yule aliingia kwa miguu yake. Nikikataa, bucha inafungwa, na mimi nashtakiwa, maana ndimi niliyeuza. Nikikubali, watu wataendelea kuuziwa mizoga. Silali, Mzee.

Jana nilienda kumwona Mama. Amekonda mpaka gauni linamvuka mabega. Yeye analaumu maji ya kisima. Akanishika mkono, akaniambia polepole, "Mwanangu, usikasirike. Ile nyama yako nilishindwa kuimaliza."

Aliniomba msamaha. Mimi! Nikadanganya kwamba nina haraka, nikaondoka bila hata kuketi.

Basi karatasi ile sitii sahihi. Kesho narudi Bondo nimwambie Mama kwa mdomo wangu, asije akasikia sokoni. Akinifukuza, ana haki. Kutoka hapo naenda polisi niseme nilichoona na nilichouza, na yatakayonipata yanipate.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu. Jambo moja nakuahidi. Jina lako bado liko juu ya mlango wa bucha. Leo jioni nitalifunika kwa rangi, niandike langu, ndipo waje wafunge.