Katikati ya Sifuri

Jumapili, 2 Machi
Imefika! Ndogo kuliko nilivyodhani. Mikono minne imekunjwa ubavuni, tumbo la kijivu, jicho moja chini ya kidevu. Nimeibadilisha kwa taa zangu mbili za studio na kamera ya akiba, kwa yule mpiga video za harusi anayehama mji. Ameapa haijawahi kuanguka. Ameapa mara tatu. Mara moja ingenitosha.

Baba Watoto ameigeuzageuza kwa vidole vyake vya kuchomelea mageti, akauliza kama inaweza kumpelekea chakula karakana. Kitinda, huyu wangu wa mwisho wa darasa la tatu, ameiita Nyigu kabla hata haijawashwa. Jina limeshika.

Naogopa. Niandike tu, nani ataona? Miaka kumi na minne ya picha za pasipoti — kaa wima, tazama hapa, usicheke. Sasa watu wanajipiga wenyewe kwa simu na kiti changu kinashinda kitupu. Droni hii nisipoiweza, nafunga studio.

Jumanne, 4 Machi
Uwanja wa mpira, asubuhi, hakuna mtu. Skrini ikasema lazima kwanza dira yake irekebishwe: unaishika mkononi na kuzunguka, halafu unaisimamisha wima na kuzunguka tena. Nikazunguka. Akina mama wawili waliokuwa wanakuja wakavuka barabara haraka.

Kisha ikapaa. Kelele zake! Nyigu kweli. Mbwa wote wa mtaa wakajibu. Kwenye skrini nikaona mtu mdogo amesimama peke yake uwanjani, kitambaa cheupe kichwani — kumbe ni mimi. Sijawahi kujiona utosi. Nilibana pumzi mpaka ilipotua, halafu nikakaa chini kwenye umande.

Dakika mbili tu. Lakini nimecheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Ulimi hauna mfupa. Nimejua leo.

Mkutano wa wazazi. Shule inatimiza miaka arobaini, mwalimu mkuu anataka picha ya wanafunzi wote wamejipanga kuwa namba 40. Alikuwa anamgeukia Babu Ngazi, kama kawaida. Babu Ngazi ndiye amepiga picha za shule hii tangu mimi sijazaa, amesimama juu ya ngazi yake ya mbao. Ndiye aliyenifundisha kushika kamera, enzi nikifagia studio yake.

Na mimi nikasimama! Nikasema ngazi ni mambo ya zamani, mwalimu, mimi nitawapiga kutoka mawinguni. Mbele yake. Watu wakapiga makofi. Na yeye akapiga.

Nje akanipa mkono, akasema amefurahi mwanafunzi wake amepanda juu kuliko yeye. Nilitafuta kejeli katika uso wake sikuiona. Afadhali ningeiona.

Ni Ijumaa ya tarehe 21.

Jumamosi, 8 Machi
Ofisi ya mtaa wamenipa barua ya ruhusa. Karani aliuliza kama inasikia watu wanachoongea. Nikasema hapana. Akaandika hapana, akapigia mstari.

Mchana mzee wa ghorofani akaja mlangoni kwangu amefura, eti namchungulia akioga. Nikamwambia, baba, nina mume nyumbani na huyo mwenyewe simtazami. Baba Watoto alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Mzee hakucheka. Kuanzia sasa nairusha nyuma ya nyumba tu, si zaidi ya urefu wa paa mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Imeanguka.

Dakika ya sita. Ilikuwa imetulia kabisa juu ya ukuta wa nyuma, sikugusa kitu, vidole vilikuwa mbali. Sauti ikabadilika ghafla, kama mtu aliyepaliwa. Mkono mmoja ukainama. Ikajipindua — haikushuka, ilianguka — ndani ya bustani ya jirani.

Nikasikia mlio mmoja. Pu!

Jirani ni muuguzi mstaafu, ameshona watu miaka thelathini chumba cha majeruhi. Akaja amebeba boga lake mkono huu nusu na mkono huu nusu. Hakupayuka. Akapitisha kidole kwenye ule mpasuko, taratibu, mwanzo hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, nilikuwa nimeinama hapo hapo kulichuma. Niliingia ndani kufuata kisu."

Halafu akanipa boga, nikawapikie watoto.

Nyigu yenyewe imevunjika panga moja tu la kurukia. Haina haya.

Sijalipika. Liko mezani na nimelifunika kitambaa, maana ukubwa wake siupendi.

Jumatano, 12 Machi
Fundi wa simu ameifungua. Amebandua kibandiko cha rangi kwenye mkono wa nyuma kushoto — chini yake gundi! Ulishavunjika, ukaunganishwa. Na mota ya mkono huo inakufa, anasema. Ikipata joto inasita, nyaya zimeungua. Panga amebadilisha; mota mpya hana, iagizwe, mwezi hivi.

Nikamuuliza, itaruka lakini? Akasema kuruka itaruka. "Iruke juu ya nyasi tu, dada. Mimi nisingesimama chini yake."

Nimempigia mpiga video wa harusi. Hapatikani. Na viapo vyake vitatu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeipima kwa mizani ya jikoni. Gramu mia tisa, unga wa kilo moja kasoro kidogo. Unga umefungwa kwenye karatasi, haumdhuru mtu. Hii ina mapanga manne.

Nimekwenda uwanjani na saa. Mara tano imeruka vizuri, dakika kumi kila mara. Mara tano! Nikaanza kuimba. Ya sita, dakika ya saba, ikapaliwa tena na kujitupa kwenye nyasi, panga likavunjika tena.

Sasa nahesabu. Picha ni dakika tatu: kupanda, kupiga, kushuka. Chini ya dakika sita haijawahi kuleta shida. Kwa hiyo tatu ni salama. Kwa hiyo hakuna neno. Nimehesabu tena jikoni, na tena studio. Hesabu inakuja vizuri kila mara, na kila mara naanza upya.

Nimemweleza Baba Watoto. Akasema, "Waambie."

Niwaambie nini? Kwamba nilijigamba mbele ya mji mzima na kitu kibovu? Kwamba nilimvunjia heshima mwalimu wangu bure?

"Ndiyo," akasema. Akashusha kinyago chake cha kuchomelea. Huwezi kubishana na mtu aliyevaa kile kinyago.

Jumapili, 16 Machi
Kitinda amekuja mbio. Amechaguliwa! Nne na sifuri zitapangwa na wakubwa, na katikati ya sifuri atakaa mtoto mmoja ameshika karatasi ya manjano juu ya kifua. Huyo ni yeye. Kwa sababu rubani ni mama yake.

Mchana kutwa anafanya mazoezi uani, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, uso juu, macho hayapepesi. Ananiuliza, "Mama, hivi unaniona vizuri?" Nakuona, mwanangu.

Anasema mwalimu mkuu amewaagiza wote watazame juu na wasisogee mpaka ndege itue.

Wote watazame juu. Mimi siku zote hizi nilikuwa nafikiria utosi. Sikufikiria nyuso.

Jumanne, 18 Machi
Nimekwenda kwa Babu Ngazi kumwambia. Nimejipanga njia nzima: shikamoo, samahani, nimekosa, njoo na ngazi yako.

Nimemkuta anapigilia kipago kipya kwenye ngazi. Marahaba mwanangu, kaa. Nikakaa. Tukaongea magoti yake, tukaongea bei ya karatasi za picha, tukaongea wanangu. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili akanisubiri, nyundo mkononi. Nafikiri alijua kuna kitu. Mara ya pili nikasema ukuta wako umepakwa rangi nzuri.

Mtu mzima mimi! Kwenda kukiri, kurudi nimesifia ukuta.

Akinisindikiza akasema Ijumaa atakuja kutazama, na ngazi atakuja nayo. "Nitaiegemeza getini tu. Ngazi haidai chakula."

Alhamisi, 20 Machi
Panga jipya tena. Nimeirusha mara tatu, dakika tatu tatu. Sawa zote. Sijui kwa nini hiyo inanitisha zaidi.

Boga nimelitupa. Lilikuwa limeanza kunuka.

Ijumaa, 21 Machi
Alfajiri nimeijaribu uani mara ya mwisho. Dakika ya pili ikakohoa. Ya pili! Ikayumba kidogo, ikajishika, ikaendelea kana kwamba si yeye. Nikaishusha. Baba Watoto alikuwa ametangulia karakana. Sijamwambia mtu.

—

Niko shuleni, naandikia kwenye stoo ya vifaa vya michezo. Hapa ndipo nilipopewa niandae mitambo. Nimekaa juu ya gunia la mipira. Tunamsubiri mwenyekiti wa kamati, amekwama njiani, Mungu azidi kumkwamisha.

Wanafunzi wako nje tangu saa mbili. Mia nne na kumi na wawili, nimemuuliza mwalimu wa zamu. Wamechorewa mistari ya chokaa na wamekaa juu yake, bega kwa bega, sare zimepigwa pasi. Arobaini inasomeka hata ukiwa chini. Wazazi wamejaa kwenye ukuta, simu juu. Upepo upo, si mwingi.

Mwalimu mkuu alinishika bega mbele ya watu akasema leo tunaingia karne mpya. Nikacheka. Nimecheka!

—

Niandike nilichofanya.

Nilimwona Kitinda pale katikati ya sifuri. Karatasi ya manjano kifuani, uso juu, kidevu kimekaza kama nilivyomfundisha. Nikaona boga. Sikuona mtoto, niliona boga na kidole cha yule muuguzi kikipita kwenye mpasuko.

Nikatembea mpaka kwa mwalimu wake. Nikamwambia, mwalimu, huyu wangu jua likimpiga sana anatokwa damu puani, naomba akae barazani. Nilisema bila kupepesa. Na mwalimu hakuuliza kitu. Nani atamuuliza mama wa mtoto? Akampigia makofi Kitinda asimame.

Kitinda akapita karibu yangu, macho yamejaa machozi. Akaninong'oneza: "Mama, mimi pua yangu haijawahi kutoka damu."

Nikadhani wangepaacha wazi. Kweli nilidhani hivyo, au nilitaka kudhani. Mwalimu akatazama huku na huku, akamwita msichana wa darasa la kwanza, hana meno mawili ya mbele, soksi moja imeshuka. Alikuja anakimbia! Akaketi, akakumbatia ile karatasi, akatazama juu pale pale kabla ya kuambiwa. Halafu akaniona mimi na rimoti yangu. Akanipungia mkono.

Sijui jina lake. Sijui mama yake ni yupi kati ya wale wa ukutani.

Nikaja humu nikajifungia.

—

Kama ni salama, mbona nimemtoa wangu?

Hesabu zote zile, dakika tatu, dakika sita, mara ngapi kati ya ngapi. Mkono wangu ulishajibu kabla yangu. Nilimtoa wangu nikawaacha mia nne na kumi na mmoja, na pale pake nikaweka mtoto wa mtu mwingine.

Dirisha la stoo linatazama uwanjani na getini. Ngazi ipo, imeegemezwa. Babu Ngazi anafuta vipago kwa leso, kimoja kimoja, kamera yake ya zamani shingoni. Toka mlango huu mpaka pale ni hatua ishirini. Lakini katikati kuna wazazi wote, na simu zao zote, na mwalimu mkuu na karne yake mpya. Ningependelea hatua ishirini juu ya paa.

Ningesema nini? Babu, shikamoo. Nilishindwa Jumanne.

Gari limeingia. Ni la mwenyekiti. Makofi.

Mwalimu mkuu ameshika kipaza sauti: macho juu, asisogee mtu mpaka ndege itue, tumeelewana? Wote kwa pamoja wameitika ndiyo mwalimu, mpaka kioo cha dirisha kimetetemeka.

Mwalimu wa zamu anagonga. Anasema, mama, wewe tu ndiye tunakusubiri. Nimeitikia nakuja. Nyigu iko mapajani, betri imejaa, taa nne za kijani.

Anagonga tena.

Kitinda yuko barazani, amenuna, amenipa mgongo. Yule asiye na meno bado anatazama juu, mdomo wazi, na huko juu bado hakuna kitu.