Robe ya Mufuko wa Ndani

Jumatatu, tarehe 8, mwezi wa sita

Nimechagua maharagi. Nusu mawe. Yule muuzaji wa Kibumba ananijua toka zamani na bado ananiuzia mawe. Kesho atanisikia.

Neema, mujukuu wangu anayeniita Koko, ameshinda mbele ya ordinatere, kompyuta yake. Anachora patron, zile karatasi za kukatia robe, magauni ya wanawake, anaziweka kwenye internet. Mutu ananunua, anazichapa kwenye karatasi kwake, anakata kitambaa. Kazi safi. Ule mukono aliupata kwangu. Lakini duka lake ni kama liko chini ya mawe ya volkano, hakuna anayeliona. Miezi minne, mununuzi mumoja, na huyo ni dada yake wa Bukavu.

Leo amesema mwezi ukiisha hivi, anafuta yote, anauza ordinatere. Amesema bila kulia. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumanne, tarehe 9

Amekuja Bwana Trésor, anayefundisha watu wa internet namna ya kuonekana. Viatu vyeupe katika vumbi nyeusi ya Goma. Nimemupa chai. Najuta ile chai.

Amesema majina ya robe za Neema ni mabaya. Hapo ni kweli. Modèle 1, Modèle 2, mpaka 14. Lakini yale ameleta yeye sasa! Élégance Premium. Diva Prestige. Yote yananuka manukato. Akafika kwenye Modèle 7, akacheka. "Hii ondoa, mademoiselle. Inanuka kambi."

Neema akaiondoa. Mbele yangu.

Modèle 7 ni robe yangu. Ina mufuko ndani, chini ya kiuno, niliushona kwa mukono asubuhi ile tulikimbia vita Kibumba. Nilitia karatasi za ubatizo za wajukuu wanne na funguo ya nyumba. Tulilala kambini Kanyaruchinya miezi, hakuna mutu aliniibia hata kipande. Neema mwenyewe alikuwa mugongoni mwangu. Inanuka kambi! Mimi ndiye nilinuka kambi. Aje aninuse.

Jumatano, tarehe 10

Hasira haijatoka. Nimesonga bugali kama napiga mutu.

Miaka makumi mbili niliuza vikwembe, vile vitenge, sokoni. Kikwembe kinatoka kiwandani na namba. Nani anaomba namba? Sisi wamama tulikuwa tunakitandika, tunakiangalia, tunakipa jina. Kimoja tulikiita Bwana Amerudi Mapema. Siku mbili, kimeisha. Wamama walitoka Sake kukiomba kwa jina. Na hatukuota yale majina. Tulisikiliza kwanza wanawake wanalilia nini, wanachekea nini.

Nimemuuliza Neema watu wanatafuta namna gani kule kwake. Eti wanaandika maneno, na mashini inakwenda kutafuta duka lenye yale maneno. Aka! Ni kama mutoto unamutuma dukani, analeta kile ulitaja. Sasa mwanamuke gani ataandika Diva Prestige?

Ijumaa, tarehe 12

Kutwa nzima kwa washonaji, na daftari ya parokia, ile nilijifunzia herufi nikiwa tayari na mvi. Niliandika vile wamama wanaomba. Bila kutengeneza.

Robe ya kuficha tumbo. Hiyo wameomba wanane.

Robe ya kunyonyesha kanisani.

Robe ya matanga lakini inipendeze. Huyo nimemukumbatia.

Na mama mumoja wa Masisi, sauti chini kabisa: robe yenye mahali pa kuficha karatasi. Mushonaji akasema hajui kuikata. Mama akaenda. Nikaandika maneno yake vile alisema.

Jumamosi, tarehe 13

Neema amekataa kwanza. Eti Bwana Trésor alisoma. "Koko, wewe haujafungua hata site moja ya internet." Ndiyo. Na yeye hajavaa hata robe moja. Neema akacheka, hapo nikamushinda.

Tumebadilisha zote kumi na nne. Juu, jina lile wamama wanasema. Chini, maelezo kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: kitambaa metre ngapi, mikono mirefu au mifupi, ya mutu wa namna gani. Picha ni mimi nimevaa. Neema aliniambia nivute tumbo. Nilikataa. Ile robe kazi yake ni nini basi?

Modèle 7 imerudi. Robe yenye mufuko wa ndani wa kuficha karatasi.

Bwana Trésor ameona yale majina, amepiga simu. "Mama, internet si soko la mboga." Nikamujibu, "Papa, nani alikuambia mboga hazina majina?" Nikakata. Halafu nikamupigia tena nikate mara ya pili, juu mara moja haikunitosha.

Jumatatu, tarehe 22

Hakuna kitu.

Neema ameanza kupangusa ordinatere, kama mutu anayetayarisha kitu cha kuuza. Namuona. Kama nilikosea, nimemupotezea siku za mwisho za duka lake. Nimeandika. Sifuti.

Alhamisi, tarehe 25

Asubuhi Neema amepiga kelele, nikafikiri ni nyoka. Watu watatu wamenunua robe ya kuficha tumbo. Mumoja wa Uvira, wawili wa Lubumbashi. Hatuwajui. Si dada ya mutu.

Kisha imekwenda ile ya saba. Mama wa Bunia. Baada ya kununua ameandika swali: huo mufuko unaingia nini?

Neema amegeuka kuniangalia. Hakujua. Alikuwa mugongoni.

Nimemuambia aandike: karatasi za watoto wanne, zikunjwe mara mbili, na funguo. Mushono wa chini upitishwe mara mbili.

"Funguo ya nini, Koko?"

Nimeitoa kwenye kopo la chumvi, imeshika kutu. Mulango wake hauko tena. Neema ameipokea. Halafu amechukua rula, ameilaza ile funguo juu ya meza, ameipima. Amerudi kwenye ordinatere, ameongeza kwenye maelezo: mufuko unabeba funguo ya sentimetre nane.

Ameuliza kama maharagi yameiva. Bado. Tumengoja.