Limau la Mwaka wa Nne

Salomon, ndugu yangu,

Mlimau wako bado umesimama nyuma ya fleti zetu hapa ugenini, Greyville. Naanza na hilo maana najua hutapumzika mpaka ulisikie.

Ulipoupanda, tayari na malimau machanga, ulitutangazia kwamba kwa sheria yenu Wayahudi, matunda ya mti mchanga hayaliwi miaka mitatu, na umri wake unahesabiwa kwa Mwaka Mpya wa miti. Mama Espérance wa saluni akashika kiuno: "Papa Salomon, limau iko pale, samaki yangu iko hapa, na mimi ningoje miaka tatu? Huo muti unasoma université?"

Kila sikukuu hiyo ya miti ulituketisha uani katika joto la Februari, tende zikinata vidoleni, ukitusimulia milozi inavyochanua Yerusalemu. Sisi tulichuruzika jasho tu.

Kisha ukafa, mwaka wa nne haujafika. Mwenye nyumba akaja na mtu wa msumeno. Alitaka pa kuegesha magari. Nikashuka ngazi na mkongojo wangu, nikitunga hotuba. Nilipofika, Mama Espérance alikuwa ameegemeza kiti cha saluni kwenye shina, na juu yake mteja aliyesukwa nusu kichwa. "Tumeuheshimu huu muti miaka tatu," alifoka. "Wewe hata asubuhi moja unashindwa?" Mteja naye akakataa kuinuka. Mwenye nyumba na mtu wake wakaondoka. Hotuba yangu nikapanda nayo.

Sasa nikiri, maana moyo wangu umechoka, na daktari hazungumzii tena mwaka ujao. Sikuamini hata siku moja kwamba miti ina mwaka mpya. Nilifuata tende. Lakini tangu uondoke nausalimia mlimau wako kila asubuhi, kwa Kifaransa, kwa heshima. Daktari alishangaa nangoja nini. Niliona haya kumwambia: limau.

Wiki iliyopita tulilichuma. Ile baraka yako ya tunda jipya, Kiebrania chake kimenitoka, nikasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: asante kwa kutuacha hai mpaka leo. Mama Espérance akaitikia amina, akalamba kipande, uso ukamkunjamana. "Miaka tatu yote, na bado iko kali hivi?"

Mwenye nyumba alipokuja tena, alipewa samaki mwenye limau. Sasa huuliza mengine yataiva lini.

Basi, kaa salama kidogo tu, nami nakuja. Naahidi huko sitagusa tunda lolote kabla ya kukuuliza.

Mwalimu wako wa ghorofa ya pili