Mume Wangu Amelipwa kwa Mahindi ya Yuditha

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui niseme au ninyamaze. Mimi ni mke na mama, tunalima huku Kwaluguru, na msimu uliopita mume wangu Mbaruku alimkodisha nusu ya shamba letu la bondeni mama mmoja wa Dindira anaitwa Yuditha, mjane, akalipa kodi yote kabla ya kupanda, tukalima naye jembe kwa jembe mpaka mahindi yakaanza kubeba, ndipo mto ukafurika ukazoa yetu na yake, hatukuvuna hata gunzi. Yuditha alirudi kwao milimani, nikadhani ametukimbia, kumbe alifuata maharage, akaja nayo akaniambia, "Mwenzangu, msiba ni wetu sote, wape watoto wale." Alipokwenda tena kumuuguza mama yake, maofisa wa serikali wakaja kukagua mashamba kwa ajili ya msaada wa maafa, mimi nilikuwa kisimani, Mbaruku akawaonyesha shamba zima akasema lote lake. Sasa fedha zimeingia kwenye simu yake, anataka kununua mabati, nami nyumba inavuja, sikatai, lakini nilipomuuliza, "Na za Yuditha je?" akanijibu, "Alikodi shamba, hakukodi msaada wa serikali. Ukimwambia, ujue umemchagua yeye." Yuditha amesharudi, na juzi tukiwa tunapalilia akaniuliza, "Hivi wenzetu wamelipwa, sisi tumesahauliwa?" Nikainama nikasema labda bado, nikaendelea kupalilia. Nikisema navunja nyumba yangu, nikinyamaza namwibia aliyenilishia wanangu, nifanyeje?

Swaumu, Kwaluguru

Marahaba, Swaumu. Pole kwa mafuriko, na pole kwa kubanwa kati ya mume na rafiki. Lakini hilo "labda bado" halikutoka kwa Mbaruku, limetoka kinywani mwako. Alipowapotosha maofisa wewe hukuwapo. Juzi ulikuwapo.

Mumeo anasema shamba ni lake. Kweli, na liko pale pale, mto haukulibeba. Serikali haikulipa ardhi, imelipa mahindi yaliyokwenda na maji. Nusu ya mahindi hayo yalikuwa ya nani? Muulize hivyo hivyo, kwa upole, mkiwa wawili, wala usianze na kelele za dhambi na aibu, maana mwanamume aliyefedheheshwa hujitetea badala ya kusikia. Mwambie pia unayataka mabati kama yeye, ila hutalala kwa amani chini ya bati la mjane. Mali ya mtu haiwi halali kwa sababu mwenyewe hajui.

Mwambie jambo lingine: kijiji ni kidogo. Yuditha atasikia tu, kama si kisimani basi gulioni, na akienda kulalamika mwenyewe, itakuwa kesi. Mbaruku akitangulia kwa mwenyekiti wa kijiji kusema, "Nusu ile si yangu, naomba irekebishwe," ataulizwa maswali, lakini atatoka na jina lake.

Akikataa, nenda kwa baba yake au mzee mwingine wa ukoo anayemsikiliza. Mabati yasinunuliwe kabla ya kikao hicho. Na kuhusu vile vitisho vya kuchagua, usivibebe. Hujaombwa kuchagua mume au rafiki, umeombwa kusaidia kuficha haki ya mtu, na ndoa haikukupa kazi hiyo.

Halafu, Mbaruku akubali asikubali, mwambie Yuditha wewe mwenyewe kabla wiki haijaisha. Usimtume mtu, usianze na visingizio vya nyumba inayovuja. Mwambie fedha zimelipwa, ziko kwa nani, na kwamba alipokuuliza ulimdanganya. Akikasirika, usijitetee. Kaa hapo hapo mpaka amalize.